Baiskeli Iliyoonjwa Mpaka Ikaisha

Palikuwa na nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana ramani yake mpya ilipotoka kiwandani ilipelekwa kwa wakubwa kuonjwa na haijarudi mpaka leo. Ndiyo desturi yao. Kitu chochote kipya, kabla mwenyewe hajakitumia, lazima mkubwa akionje kwanza. Wanasema ilianza zamani, pale mtawala wao wa kwanza alipoonja supu ya wananchi, akaikuta ina chumvi nyingi, akaamua kuinywa yote peke yake ili wananchi wasidhurike. Watu walilia kwa shukrani. Tangu hapo mtawala wa nchi ile haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mwonjaji Mkuu, na chini yake wamejipanga waonjaji wa kila saizi mpaka huku mtaani.

Ukinunua viatu, Mwonjaji wa Mtaa anavivaa kwanza, anakwenda navyo harusini na msibani, halafu anakurudishia vikiwa vimeshalainika. Ukinunua godoro, analilalia. Mtoto akiota jino, mkubwa anakuja kung'atwa kidole, anasikilizia kidogo, anatangaza kwamba jino ni salama. Wageni wakishangaa, wenyeji nao wanawashangaa: nyie kwenu mnaishije, kula kula vitu tu bila mkubwa kuonja?

Sharti ni moja tu. Kitu kikiwa mkononi mwa mkubwa, hakiishi. Anaweza kuonja sufuria ya pilau mpaka yakabaki masizi, lakini akikuuliza kama bado ipo, unajibu, "Ipo tele." Neno "imekwisha" halitamkwi mbele ya mwonjaji. Adhabu yake hakuna anayeijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisema.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja anaitwa Sikudhani, mpishi wa uji kwenye shule ya msingi iliyoko juu kabisa ya mlima. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga chumba huku chini bondeni. Zamani alikuwa anapanda basi. Mabasi bado yalikuwepo, yamepangwa vizuri stendi, yameoshwa, ila mafuta mapya yalipofika nchini yalikwenda kuonjwa. Kwa hiyo Sikudhani alikuwa anapanda ule mlima kwa miguu, kabebelea unga kichwani, na mara nyingine alikuwa anafika kengele imeshalia.

Uji ukichelewa, watoto walikuwa wanaanguka mstarini wakati wa wimbo wa taifa, na wimbo wenyewe ni mrefu. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kapungu, alisema huo ni utovu wa nidhamu. Akatoa amri kwamba kengele ikilia geti linafungwa, aliye nje abaki nje. Sikudhani akaitwa ofisini akaambiwa kwa upole kabisa kwamba akichelewa tena, upawa wake atapewa shemeji yake Mwalimu Mkuu. Shemeji kupika hajui, lakini anakaa jirani na shule.

Siku hiyo wakati anatoka, mlinzi wa geti, Babu Likwata, alimtania kwamba heshima ya mpishi iko tumboni na yeye ameiweka miguuni. Sikudhani hakucheka. Ule uji ndio uliokuwa unamlipia chumba. Halafu kuna kitu kingine ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anapenda kuona vile watoto wanavyotulia wakishapata kikombe cha kwanza.

Basi redioni akasikika Waziri wa Mwendo. Alisema serikali imeliona tatizo la usafiri, imelionja, na imelikuta kweli ni tatizo. Kwa hiyo zimeletwa baiskeli za umeme za bei nafuu kwa ajili ya wafanyakazi wa chini, hazili mafuta, hazipigi kelele, hazina maswali. Sikudhani akavunja kibubu chake, akafunga hela kwenye kitenge, akaenda dukani kwa Shaweji.

Shaweji alikuwa muuzaji wa siku nyingi. Alimpokea kama dada yake aliyepotea, akampeleka moja kwa moja kwenye baiskeli nyeusi yenye taa kama macho ya paka.

"Hii inafika wapi chaji ikijaa?" Sikudhani akauliza.

"Dada yangu, hii utachoka wewe, yenyewe haichoki."

"Na mlimani?"

"Mlima upi?" akauliza Shaweji, na mlima wenyewe ulikuwa umejaa dirisha zima nyuma ya mgongo wake.

Sikudhani akainama kuiangalia. Betri ilikuwa imejengewa humo humo ndani, haitoki. Akawaza chumba chake, umeme unaokuja ukijisikia, na ile ngazi nyembamba ambayo hata ndoo ya maji inapita kwa ubavu. Kuichaji hiyo ingebidi aipandishe baiskeli nzima mpaka kitandani. Akamwambia Shaweji hapana.

Ya pili ilikuwa rangi ya fedha, inang'aa, imefungiwa nyuma ya kioo. Shaweji akamwambia hiyo asiiguse, ila akitaka kujua uzuri wake, hiyo haionjwi.

"Kwa nini haionjwi?"

"Ya bei mbaya hiyo. Wanaonunua za bei mbaya ni waonjaji wenyewe, sasa nani amwonjee nani? Kitu cha bei nafuu ndicho cha kutilia shaka. Kwa nini kiwe nafuu? Kimeficha nini?"

"Kwa hiyo nikinunua ya bei nafuu wataionja muda gani?"

"Inategemea na utamu," akasema Shaweji, akatazama pembeni.

Kwenye kona, nyuma ya mafeni mabovu, ilikuwepo ya tatu. Ya kijani, imejaa vumbi, haina mbwembwe. Betri yake inachomoka kwa ufunguo, unaibeba kama kibuyu. Sikudhani akawaza ile soketi ya pale jikoni shuleni. Akazungusha gurudumu, akaminya breki, akagonga spoki, akaona ni zile zile za baiskeli za kawaida ambazo fundi yeyote chini ya mti anaziweza. Halafu akaomba gunia la unga lipakiwe kwenye keria, akaiwasha, akapanda nayo mwinuko wa nyuma ya duka. Ikapanda. Ikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, lakini ikapanda. Shaweji mwenyewe akashangaa. Alikuwa anaiuza ile baiskeli siku zote na hakuwahi kujua kwamba inafanya kazi.

Sikudhani akalipa. Akatoka nayo mpaka mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Bwana Mahimbo, Mwonjaji wa Mtaa, ameshavaa helmeti.

"Hongera, mama," akasema Bwana Mahimbo. "Ni ya kijani. Mke wangu anapenda kijani."

Akaondoka nayo. Chaja ya betri nayo ikachukuliwa pale pale, lakini na mtu mwingine, kwa sababu baiskeli ni kitu cha magurudumu na chaja ni kitu cha waya, na vitu vya waya vina waonjaji wake. Sikudhani akauliza kama hivyo viwili haviwezi kuonjwa pamoja maana kimoja ndicho kinachokilisha kingine. Yule wa waya akamwangalia kwa huruma, akamuuliza kama na yeye huwa anaonja mchuzi na kabati kwa mkupuo.

Siku zilizofuata Sikudhani alikuwa anapanda mlima kwa miguu, na baiskeli yake ilikuwa inampita. Bwana Mahimbo alikuwa anakwenda nayo kuchukua mkaa, kunyoa, kucheza bao. Kila akimpita alikuwa anapunguza mwendo ili amsalimie, maana ni mtu wa heshima. Sikudhani akimuuliza imefikia wapi, alikuwa anajibu kwamba ina ladha fulani kwenye kona ambayo bado hajaielewa.

"Chaji bado ipo, mheshimiwa?" siku moja Sikudhani akajikaza kuuliza.

"Hilo swali nakuuliza mimi, mama. Chaji ipo?"

"Ipo tele," akasema Sikudhani. Angesema nini.

Bwana Mahimbo alipoielewa ile kona, akaipandisha baiskeli wilayani. Mwonjaji wa Wilaya alikuwa mtu mnene, akaionja kwa siti. Wa Mkoa hakuwa anajua kuendesha, kwa hiyo akaionja kwa kengele tu, asubuhi na jioni, mpaka kengele ikatoka. Wizarani ilionjwa na idara moja baada ya nyingine, na kila idara ilibakisha kitu kidogo kwa ajili ya kumbukumbu: kikapu, kioo cha kutazamia nyuma, kizibo cha tairi. Chaja nayo ilikuwa inapanda kwa ngazi zake. Kuna siku vilikaa jengo moja, baiskeli chini na chaja ghorofani, lakini havikuonana.

Huku shuleni Sikudhani alikuwa anaamka mapema zaidi, anapanda mbio, anaingia getini kengele iko kwenye mlio wa mwisho na Babu Likwata ameshalisogeza geti mpaka lipite bega tu.

"Mama Uji," alimwambia siku moja, "hili geti mimi linanichubua roho. Lakini siku nikiliacha wazi, na hili koti wananivua."

"Najua, babu," akasema Sikudhani, akapita kwa ubavu.

Halafu ikaja barua ya kumtaka afike uwanja wa chini ya mlima, asubuhi na mapema, kwa sababu Mwonjaji Mkuu mwenyewe ataionja baiskeli yake mbele ya taifa, kwa kupanda nayo mlima mpaka kileleni. Sikudhani aliisoma akiwa amesimama. Kileleni ndipo ilipo shule. Akapiga hesabu zake: Mwonjaji Mkuu akishapanda, kuonja kumefika mwisho, hakuna mwingine juu yake. Atashuka, atanipa baiskeli yangu, na mimi nitakuwa niko getini kabla ya kengele. Akaenda kumwomba Mwalimu Kapungu amvumilie kidogo siku hiyo endapo sherehe itachelewa. Mwalimu Kapungu akamwambia hiyo ni heshima kubwa kwa shule, na yeye mwenyewe atasimama ndani ya geti na bendera. Lakini kengele ni kengele.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Waziri wa Mwendo alihutubia mpaka jua likapanda. Alisema kuna nchi ambazo wananchi wao wanaendesha vitu ambavyo hakuna mkubwa aliyevikalia, na ndiyo maana wana magonjwa ya moyo. Alisema baiskeli hii imepita mikononi mwa waonjaji wengi na wote wameikuta tamu. Watu wakapiga makofi. Sikudhani alikuwa anatazama mlima, anatazama jua.

Ndipo Mwonjaji Mkuu akaletwa, mzee mkubwa, kanzu imepigwa pasi. Akakaa kwenye ile siti iliyobonyea. Akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Kila mtu uwanjani akaanza kuangalia viatu vyake.

Waziri akamwita Sikudhani, akamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mama, chaji ipo?"

Alilijua jibu la kweli tangu ilipokuwa kwa wa Wilaya. "Ipo tele," akasema.

"Basi ilete," Waziri akanong'ona.

Ndipo Sikudhani akashika keria, akainama, akaanza kusukuma.

Mlima ule anaujua kila jiwe, lakini hakuwahi kuupanda na serikali nzima imekaa mbele yake. Mwonjaji Mkuu alikuwa anapungia watu mkono. Wakifika penye unafuu alikuwa anasifia. Alisema haina kelele kabisa. Alisema inapanda kama hakuna mlima. Katikati ya kona kali alisikia kitu nyuma yake, akageuza kichwa kidogo kumwambia Waziri aliyekuwa anatembea pembeni, "Inahema."

"Ni upya tu, Mheshimiwa. Itazoea."

Jasho lilikuwa linaingia Sikudhani machoni. Alikuwa anawaza akiachia, baiskeli itarudi nyuma na mzee wa watu na taifa lake. Kwa hiyo hakuachia. Wakatokea kileleni, akaliona geti, liko wazi, na Mwalimu Kapungu ndani yake anapepea bendera. Hatua chache tu. Kengele ikalia.

"Mheshimiwa, mimi naishia hapa," Sikudhani akasema.

"Inasema?" Mwonjaji Mkuu akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Waziri. "Twende mpaka kwenye jukwaa la picha, pale mbele."

Pale mbele palikuwa ni mita kadhaa baada ya geti. Wakapita. Babu Likwata akamtazama Sikudhani, Sikudhani akamtazama, mikono yake imeganda kwenye keria. Babu akalifunga geti polepole kuliko siku zote, lakini akalifunga. Jikoni moshi ulikuwa umeshaanza kutoka, mweusi, wa mtu asiyejua kukoleza kuni. Upawa ulikuwa umeshapata mwenyewe.

Jioni Sikudhani aliitwa wizarani. Alifikiri anakwenda kurudishiwa baiskeli yake. Akakuta wakubwa wamekaa meza nzima, wamefurahi, kuna soda. Waziri akamweleza kwamba Mwonjaji Mkuu ameionja na ameipenda sana, kwa hiyo itabaki ikulu, na kwamba taifa limegundua baiskeli ya umeme inaweza kwenda bila umeme, jambo ambalo nchi nyingine bado hazijafikia. Yeye Sikudhani ameteuliwa kuwa Betri ya Taifa, Daraja la Pili.

"Daraja la kwanza ni nani?" akauliza.

"Mtoto wa dada yangu. Yeye hasukumi, anasimamia."

Kazi itakuwa kila siku alfajiri, pale ikulu, kilima cha upande wa pili wa mji. Mmoja wa wale wakubwa, mtu mwema, akaona uso wa mama umebadilika. Akauliza anakaa wapi, akaambiwa bondeni. Akafikiri kidogo akasema huko ni mbali, atachelewa, na betri haiwezi kuchelewa. Akamshauri kama baba anavyomshauri binti yake: atafute baiskeli ya umeme. Siku hizi zipo za bei nafuu.

Meza nzima ikatikisa kichwa kukubali. Sikudhani alikuwa amesimama. Viganja vyake bado vilikuwa na alama ya chuma cha keria. Waziri akafungua soda yake, akauliza lile swali la kufungia kikao, ambalo kila mtu analijua na jibu lake kila mtu analijua.

"Haya, mama. Nguvu ipo?"

"Imekwisha," akasema Sikudhani.

Hakulisema kwa hasira. Lilitoka tu, kama mtu anayeweka ndoo chini.

Mle ndani hata soda iliacha kutoa povu. Wakubwa wakatazamana. Waziri akamnong'oneza mtaalamu wa sheria, mtaalamu akapekua kichwa chake chote hakukuta adhabu. Alichokikuta ni kimoja tu. Akasafisha koo.

"Neno hilo ni jipya hapa," akasema. "Na kitu kipya lazima kionjwe."

Sheria ni sheria. Wakaanza pale pale. Wa chini kabisa, aliyekaa karibu na mlango, akaliweka mdomoni: imekwisha. Akalizungusha, akamsogezea wa pembeni. Imekwisha, akasema wa pembeni, na uso wake ukalegea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Wa tatu alilirudia mara mbili, akaulizwa vipi, akasema lina ladha fulani hajaielewa. Likapanda ngazi, idara kwa idara, kila mkubwa analitamka kwa uangalifu mbele ya mwenzake, mpaka likafika ikulu kwa yule wa mwisho. Na kwa kuwa anachoonja Mwonjaji Mkuu huwa kinatangazwa moja kwa moja redioni, hata bondeni kwa Sikudhani, aliyefungua redio asubuhi asikilize hali ya hewa alisikia sauti ya yule mzee, nzito, inatamka neno moja tu: "Imekwisha."

Halafu redio ikapiga muziki.

Hakuna aliyeambiwa ni nini kilichokwisha. Kila mtu akaelewa kile alichokuwa amekichoka. Madereva wakaingia stendi kudai mafuta yao. Bwana Mahimbo akaonekana anapita nyumba kwa nyumba anarudisha viatu. Sikudhani alikwenda zake mpaka ikulu, akaikuta baiskeli imeegeshwa ukutani, haina kikapu, haina kengele, siti imebonyea umbo la wakubwa wote kwa pamoja. Askari wa zamu akamuuliza kama ana kibali.

"Si umesikia redio," akasema Sikudhani.

Askari akafikiri, akamshikia geti.

Akarudi nayo, akaanza kuupanda mlima wa shule anaisukuma. Nzito vile vile, betri ni jiwe, na chaja yake mpaka leo haijulikani iko ghorofa ya ngapi. Ila siti ilikuwa tupu, na hilo mikono iliisikia. Kengele ililia akiwa bado kwenye kona kali. Akaisikia, akatukana kidogo kimoyomoyo, akaendelea kusukuma.

Geti alilikuta wazi. Babu Likwata alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti amelitundika kwenye msumari, redio ndogo magotini. Ndani, Mwalimu Kapungu alionekana dirishani anaitazama picha ya Mwonjaji Mkuu ukutani, hajui aishushe au aiache. Shemeji alikuwa amekaa nje ya jiko na upawa mapajani, macho mekundu kwa moshi, na alipomwona Sikudhani aliunyoosha ule upawa mbele kabla hajaulizwa. Watoto walikuwa wamekaa chini na vikombe vitupu, hakuna anayeimba.

Babu Likwata akainuka kumsaidia kuiegesha baiskeli. Akaizunguka, akagusa ile siti, akatikisa kichwa.

"Chaji ipo, Mama Uji?"

"Imekwisha," akasema Sikudhani kwa sauti yake ya kila siku. Hakuna kilichotokea. Akakunja mikono ya gauni, akaenda kukwangua ule ukoko wa sufuria aanze upya.